Chromebook ya mtumba, Dallas yetu, na kitufe cha nafasi

Haya ndugu zangu, leo naungama. Mimi mwenye shahada ya sayansi ya kompyuta, ninayelipwa kuandika programu za Sacco, nilishindwa na mashine ya shilingi 9,500. Na si kushindwa tu, niliharibu kazi ya mtu. Nasimulia yote kwa sababu najua kuna mwingine huko ana bisibisi mkononi dakika hii.

Mwaka 2022 mdogo wangu aliitwa Chuo Kikuu cha Embu kusomea kilimo. Sisi tunakaa Dallas, hapa hapa Embu mjini (Dallas yetu ya mabati, si ile ya Texas), kwa hivyo angelala nyumbani na kwenda chuoni asubuhi. Mama anauza muguka, na muguka huo ndio ulionisomesha hata mimi. Alinipa shilingi 10,000 akasema, "Baba, mtafutie dadako kompyuta." Huniita baba kwa kuwa nimebeba jina la baba yake, na ukishaitwa hivyo huna pa kukwepea.

Basi nikapanda matatu hadi Nairobi, nikazunguka Luthuli Avenue nusu siku. Laptopu za mtumba kutoka Uingereza zilizokuwa na betri ya kueleweka zilinipita bei zote. Kilichobaki ndani ya uwezo wangu ni Chromebook, zile ndogo za inchi 11.6 zilizotumiwa na watoto wa shule huko Marekani, zikazeeka, zikauzwa kwa jumla hadi zikatufikia. Muuzaji alikuwa nazo zimepangwa kama mikate. Akaniambia, "Jaribu siku 3. Ikikataa, rudisha. Siku ya 4 mimi sikujui."

Sikuwa nimewahi kushika Chrome OS. Nilijua habari zake tu: Google waliitangaza mwaka 2009, na mashine za kwanza kuuzwa, za Samsung na Acer, zikatoka mwaka 2011. Ndani ni Linux, lakini Linux iliyofichwa kabisa, unachokiona ni kivinjari. Mimi ni mtu wa Ubuntu tangu shule, na kwangu kompyuta ambayo ni kivinjari kitupu ilikuwa kama sufuria isiyo na jiko.

Kabla sijasahau, jambo moja kwa mnunuzi. Mashine ya kwanza aliyonipa iliwaka vizuri, lakini skrini ya kuingia ilisema inasimamiwa na shule fulani ya Amerika. Hiyo usiguse! Shule huandikisha mashine zake kwenye usimamizi wa Google, na wasipoiondoa kule kwao, hata ukifuta kila kitu itaunganishwa na intaneti na kudai tena akaunti ya mwanafunzi wao. Nikairudisha. Ya pili ilikuwa huru. Nikaingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu Chrome OS, nikatazama tarehe ya mwisho ya masasisho, kwani kila mfano wa Chromebook una tarehe yake: Juni 2023. Chini ya mwaka mmoja. Memori gigabaiti 4, hifadhi gigabaiti 32, betri saa 7. Nikalipa kwa M-Pesa.

Mdogo wangu aliipenda papo hapo. Mgongoni ilikuwa na kibandiko cha shule chenye mistari ya kuskani, akakataa nisikibandue. Aliwaambia wenzake imetoka Dallas mpaka Dallas. Inawaka kwa sekunde chache, haina feni, haipigi kelele. Mimi ndiye niliyenung'unika. Kitufe cha herufi kubwa hakuna, mahali pake pana kitufe cha kutafuta. Kitufe cha kufuta mbele hakuna. Kubofya kulia ni vidole viwili. Nikataka terminali ya kweli, na ile sehemu ya Linux ambayo Google waliiongeza mwaka 2018 haikuwepo kwenye mfano wetu mkongwe.

Hoja yangu, nikiri, haikuwa ya kipumbavu. Chrome OS imejengwa kwa mtu mwenye intaneti wakati wote, na sisi tunanunua bando kama chumvi, ya leo leo. Unaweza kuandika bila intaneti, lakini ni lazima uwe umewasha chaguo hilo mapema, na picha au PDF kubwa zikikuhitaji utatafuta mtandao tu. Nikasema mtoto huyu anahitaji LibreOffice, afungue kazi yake hata bando likiisha. Siku ya 3, badala ya kuuliza kama mashine inarudi Nairobi, nikaifungulia modi ya wasanidi.

Unashika Esc, kitufe cha kuonyesha upya na cha kuwasha kwa pamoja, kisha Ctrl na D. Mashine inafuta kila kitu cha mtumiaji na kuanza upya. Hapo nikatumia crouton, mkusanyiko wa skripti unaoweka Ubuntu ndani ya folda kando ya Chrome OS, mifumo miwili juu ya kerneli moja. Saa 2 za kupakua (bando langu!), kisha Ubuntu hiyo hapo. Nilijiona mtu.

Gharama yake ni hii. Kwa kawaida Chromebook ikiwaka hujikagua: programu ya ndani ya chipu huhakiki saini ya kerneli, na kerneli nayo huhakiki mfumo uliobaki. Kuna nakala 2 za mfumo, sasisho huandikwa kwenye ile isiyotumika, ikiharibika inarudi kwenye nyingine. Ukifungua modi ya wasanidi unazima ukaguzi huo, na kila ukiwasha mashine inakuletea skrini ya onyo: uhakiki umezimwa, bonyeza kitufe cha nafasi kuuwasha tena. Ukisubiri sekunde 30 au ukibonyeza Ctrl na D, inaendelea. Ukitii onyo, kitufe cha nafasi kisha Enter, inarudi hali ya kiwandani na kufuta kila kitu. Ina sababu. Mwizi asiweze kubadilisha modi na kusoma faili zako.

Nilijua haya yote. Nikaandika kwenye karatasi, "CTRL + D TU", nikaibandika kwa seloteipu chini ya kibodi.

Wiki 6 zikapita salama. Mdogo wangu alikuwa na kazi ya darasa kuhusu rutuba ya udongo kwenye mashamba ya muguka, akaenda Mbeere kwa nyanya yetu, akahoji wakulima 9. Wanne wa mwisho aliwaandika moja kwa moja kwenye mashine, bila daftari, amekaa juu ya kigoda shambani. Na kwa kuwa LibreOffice yangu ilihifadhi ndani ya ile folda ya Ubuntu, hakuna kilichopanda kwenye akaunti yake ya Google. Kurasa 14, nakala moja duniani.

Jumamosi binamu yetu wa darasa la 6 akataka kutazama katuni. Akawasha. Karatasi ilikuwa imeng'oka zamani. Skrini ikasema kuna tatizo, bonyeza kitufe cha nafasi kulirekebisha. Mtoto anajua kusoma, akabonyeza. Ikamuuliza ana uhakika, akabonyeza Enter. Tulipofika ilikuwa kwenye skrini ya kukaribisha mgeni, safi kama siku ya kwanza.

Nilijaribu, msinicheke. Faili za watumiaji zimesimbwa kwa funguo ambazo hufutwa pamoja nazo, na hata ile folda yangu ya Ubuntu, hifadhi ilikuwa imeumbwa upya juu yake. Saa 4 usiku nikaacha. Nikageuka nimkaripie binamu, Mama akanitangulia: "Si mashine imemwambia abonyeze?" Nikanyamaza, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Nilichukua mfumo uliotengenezwa ili mtoto wa shule asiweze kuuharibu, nikauweka mahali ambapo usalama wake wote ni kipande cha karatasi na seloteipu.

Mdogo wangu hakulia. Aliniuliza tu, "Kaka, kwani ilikuwa na shida gani ilivyokuja?" Sikuwa na jibu. Tulikesha Jumapili nzima, yeye akisoma daftari, mimi nikichapa. Wakulima 4 alipiga simu kuwauliza upya, wawili hawakupatikana, akawasilisha na wakulima 7. Safari hii tulichapa kwenye Google Docs, chaguo la bila intaneti likiwa limewashwa, na mara moja kwa siku anaipa mashine mtandao wa simu yangu kwa dakika 5 ipandishe. Zile dakika 5 hazili bando la kutisha. Sikuwa nimewahi hata kulipima kabla ya kubadilisha mfumo mzima kwa ajili yake.

Modi ya wasanidi sijaifungua tena. Juni 2023 masasisho yalikoma kama tarehe ilivyosema. Septemba mwaka huo Google wakatangaza kwamba Chromebook zitapewa masasisho kwa miaka 10, lakini yetu ilikuwa imeshapitwa. Kivinjari kinazeeka, na hilo linanisumbua kuliko linavyomsumbua yeye. Dawa ipo: ufungue mgongo, utoe skrubu inayolinda chipu isiandikwe, uweke programu nyingine ya kuwashia, kisha Linux kamili. Safari hii bila skrini ya onyo, nimesoma vizuri. Nilimweleza juzi, na nikamwambia nitanakili faili zote kwanza, mara mbili.

Amesema nisiguse. Bisibisi ameiweka yeye, na hajaniambia wapi.