PIMA KWANZA, NDIPO UNUNUE BETRI



Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni mchicha, bamia na mihogo. Lakini mchicha usipofika sokoni ni majani tu. Kwa hiyo leo nakueleza habari ya umeme wa gari.

Huku Chamazi, wilaya ya Temeke, kipo kikundi cha wakulima wenye pikapu ya zamani, Toyota Hilux ya miaka ya 1970. Huondoka saa tisa usiku kupeleka mboga soko la Temeke Stereo. Gari hilo liliua betri mbili kwa muda mfupi. Maji ya betri yalikauka upesi na globu za taa ziliungua mara kwa mara. Usiku mmoja taa zote zilizimika katika Barabara ya Kilwa, katikati ya malori. Watu walinusurika. Mboga zilinyauka.

Wanakikundi wakaanza kuchanga fedha za betri ya tatu. Fundi mmoja wa umeme wa magari akawaambia, "Ngojeni. Tupime kwanza." Nilisimama karibu nikamtazama.

Umeme wa gari huenda hivi. Injini huzungusha mkanda. Mkanda huzungusha alteneta, yaani mashine inayotengeneza umeme wa kujaza betri. Reguleta ni kama koki ya bomba. Koki ikibaki wazi, betri huchemka. Koki ikibaki imefungwa, betri haijai. Katika pikapu nyingi za zamani, reguleta ni kiboksi cha peke yake chenye nyaya kadhaa.

Fundi hupima betri kwa mita, na wewe unaweza kuisoma:

1. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima iliyojaa husoma volti 12 na nusu au zaidi kidogo.

2. Injini ikiunguruma, mita isome karibu volti 14.

3. Ikisoma chini ya 13, chaji haitoshi. Tazama mkanda kama umelegea, fyuzi kama imekatika, na nyaya kama zina kutu.

4. Ikizidi 15, chaji imezidi. Tazama reguleta na nyaya zake.

Ile Hilux ilisoma 16. Fundi akafuata waya wa reguleta wenye herufi E, ule unaofungwa kwenye bodi. Boliti yake ilikuwa na kutu. Akaifungua, akaisugua kwa msasa, akaikaza. Mita ikasoma 14. Betri mpya ingefungwa kabla ya hapo, nayo ingechemka kama zile mbili.

Jihadhari. Usichomoe waya wa betri injini ikiunguruma, maana alteneta huweza kuungua. Usiwashe kiberiti karibu na betri, kwa sababu gesi yake hulipuka. Maji yake ni tindikali. Huunguza ngozi na macho.

Ndugu, sasa unajua herufi na namba. Gari la kikundi chenu likienda kwa fundi, nenda nalo. Kabla ya kutoa fedha, muulize: "Mita inasoma ngapi?" Kisha isome mwenyewe.