Dubai, Besi na Baba Watoto Wangu

Wenzangu wakienda Dubai wanarudi na dhahabu, mapazia na udi wa kufukiza. Mwenzenu nimerudi na hedifoni. Tena za mtu mmoja tu, na nimezitafuta siku mbili nzima mpaka miguu ikavimba. Dada niliyekaa naye kwenye ndege wakati wa kurudi aliniuliza mara mbili kama niko sawa. Kabla na wewe msomaji wangu hujaniuliza, ngoja nikusimulie.

Yaliyotupata nyumbani

Mume wangu ni mtu wa besi. Ujanani alipiga gitaa la besi kwenye bendi ya mtaani kwao, na mpaka leo wimbo kwake haujawa wimbo kama haujamtikisa kifua. Tulipooana alikuja na spika mbili kubwa na subufa moja inayohamisha vikombe kabatini. Mimi ni mhariri, kazi nyingi nazimalizia nyumbani usiku, na tuna binti wa miaka mitatu. Siwezi kumsingizia mtu: ni mimi niliyesema, "Baba, chagua, mimi au hiyo subufa." Akaenda mjini, akanunua hedifoni.

Kwa macho zilikuwa nzuri, nyeusi, zina nembo kubwa pande zote mbili. Lakini besi yake ilikuwa kama mtu anayepiga pipa tupu, na mwimbaji alisikika kana kwamba amefungiwa ndani ya ndoo. Kwa hiyo baba anaongeza sauti ili amsikie mwimbaji, na besi nayo inapanda, inamfunika tena, anaongeza tena. Usiku mmoja nikiwa bafuni, mtoto alianguka kitandani. Akalia sana. Baba yake alikuwa sebuleni, hatua nne tu kutoka mlango wa chumba, kafumba macho anatikisa kichwa. Nilitoka mbio na povu mwilini, nikamkuta mwanangu sakafuni, paji la uso limevimba kama limao.

Mtoto alipona kwa siku mbili. Wazazi tulichelewa zaidi. Siku tatu hatukusemeshana, na ya nne ndipo mwenzangu akaniambia kitu alichokificha: masikio yanamlia, ziii, hasa usiku kukiwa kimya. Tukaenda kwa daktari. Usikivu bado ulikuwepo, tukashukuru Mungu, ila tukapewa somo. Ndani ya sikio kuna chembe ndogo zenye vinyweleo, ambazo zikifa kwa kelele hazioti tena. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukipanda hadi desibeli 90, umebakiwa na saa nne tu. Kwa wiki, jamani! Mume wangu alikuwa anazimaliza Jumatatu.

Zile hedifoni zikaenda jalalani. Na yeye akaacha muziki kabisa. Jioni anakaa kwenye kochi anatazama taarifa ya habari, ikiisha anatazama ukuta. Nyumba ikawa na ule ukimya niliouomba miaka yote, na sikuupenda hata kidogo.

Kwa hiyo ofisi iliponituma Dubai, siku mbili za kazi na mbili nikajiombea zangu, nilishajua naenda kutafuta nini. Nilitenga dirham 1,000, na masharti yangu yalikuwa matatu: besi ya kweli, mwimbaji asikike bila kufungulia sauti kubwa, na mvaaji amsikie mtoto akilia.

Deira: "Karibu dada, bei poa!"

Kutoka Dar ni mwendo wa saa tano na kitu hewani, na ukifika unasogeza saa yako mbele kwa saa moja. Nilifikia Deira, upande wa mji wa zamani, ambako wafanyabiashara wetu wengi hufikia. Pale Kiswahili hakikutupi mkono. Unapita uchochoroni unasikia "Mambo, dada?" kutoka kwa kijana wa Kihindi asiyewahi kukanyaga Tanzania. Harufu ya udi, iliki na samli inakufuata mpaka nguoni. Nenda asubuhi au jioni, maana mchana, kuanzia saa saba hivi hadi saa kumi, maduka mengi ya zamani hufungwa, na jua la huko halina utani.

Duka la kwanza, muuzaji alinivisha hedifoni hata sijakaa sawa, akaweka wimbo wake. Duuu! Kichwa kizima kilitetemeka. "Umesikia besi hiyo, dada?" Nimesikia. Nikamwomba anipigie wimbo wangu. Uso ukamshuka kidogo.

Hapa nilijishukuru. Kabla ya kuondoka nyumbani niliiba CD tatu kwenye kabati la mume wangu nikazinakili kwenye simu bila kuzibana. Ya kwanza taarabu ya Unguja, yenye qanuni, fidla na lile besi kubwa la kusimama. Ya pili muziki wa dansi, magitaa yanajibizana. Ya tatu Bongo Fleva yenye mdundo wa kompyuta. Kwenye zile hedifoni za "duuu", Bongo Fleva ilipendeza kwa dakika moja. Taarabu ilikufa. Qanuni ilipotea, na besi ikawa ngurumo isiyo na noti, huwezi kujua mpigaji anapanda au anashuka. Nikayasikia yaleyale ya ndoo na pipa. Nikavua, nikashukuru, nikaondoka.

Niliingia maduka sita. Nilichojifunza Deira ni kwamba wimbo wa muuzaji umechaguliwa uisifie bidhaa. Wimbo unaoujua wewe, uliousikia mara mia, ndio utakaokuambia kimepungua nini.

Kuvuka Khor

Siku ya pili nilivuka kwenda Bur Dubai. Msomaji, hata kama umefikia hoteli ya nyota tano, usikose kupanda abra, boti za mbao zinazovusha watu kwenye Khor, mkono wa bahari unaoigawa Deira na Bur Dubai. Nauli dirham moja. Mnakaa mgongo kwa mgongo, mpishi, karani na mtalii, maji yanakurukia kidogo, na kwa dakika chache umefika. Nilikumbuka pantoni ya Kigamboni, isipokuwa huku hakuna anayekimbia.

Mtaa wa Al Fahidi umejaa maduka ya elektroniki, kamera, simu na spika. Nilitembea mpaka nikapata duka dogo la vyombo vya muziki na vifaa vya studio. Muuzaji alikuwa mzee wa makamo kutoka Kerala, mpole, anaongea Kiingereza cha taratibu. Hakunivisha kitu. Alinipa maji, akaniuliza: "Ni za nani? Atasikilizia wapi? Nani mwingine yumo nyumbani?"

Jamani, nikamweleza yote, mpaka limao la paji la uso. Akacheka kwa huruma, akasema tatizo langu anaweza kulieleza kwa hedifoni mbili tu. Akaziweka mezani.

Za kwanza Beyerdynamic DT 770 Pro, za Kijerumani, zilizozibwa nyuma. Nilipovaa sikusikia besi yoyote. Nikashangaa. Mzee akanionyesha kwa ishara kwenye misuko yangu chini ya ushungi: kuna upenyo, na besi inatorokea hapo. Nikasogeza nywele, ule mto wa kitambaa laini ukakaa vizuri kwenye ngozi, na besi ikarudi kama mtu aliyefungua mlango. Nikamsikia yule mpiga besi wa taarabu noti kwa noti, na qanuni juu yake inametameta. Akanieleza kuwa sikio zima husikia kuanzia mitetemo 20 hadi 20,000 kwa sekunde, na kwamba uzi mnene kabisa wa gitaa la besi hupiga kama mitetemo 41. Hedifoni mbovu zinashindwa kufika chini huko, basi zinajaza kelele hapo juu kidogo, palepale sauti ya mwimbaji inapoanzia. Ndiyo maana mwimbaji anafunikwa. Besi nzuri inakaa chini, mahali pake, inamwachia mwenzake nafasi.

Nikataka kulipa. Mzee akafanya ujanja. Nikiwa nimevaa, akasogea nyuma yangu akaniita. Sikusikia. Akapiga kofi la mikono. Nikasikia kwa mbali sana. Nikageuka, naye akanitazama tu bila kusema kitu. Nilimwona mwanangu sakafuni.

Za pili zilikuwa ndugu zake, DT 990 Pro, zenye nyuma ya wazi yenye matundu. Besi bado ni nono na sauti za juu zinang'aa, ila ule mshindo wa chini kabisa umepungua, kwa sababu hewa inapita. Sauti nayo inavuja, jirani anasikia kidogo. Lakini mzee aliponiita kwa sauti ya kawaida nilimsikia jina langu lote.

Sikununua palepale. Mtu wa besi nimpelekee besi pungufu? Nikamwambia narudi jioni.

Kioo cha maduka makubwa

Nikapanda metro mpaka Dubai Mall nione za bei ya kutisha. Kwenye duka moja walinivisha Sennheiser HD 800 S, ambazo bei yake ni ada ya shule na chenji inabaki ya sare. Uwazi wake sijawahi kuusikia, fidla ilikuwa kama iko meza ya pili. Lakini besi yake ina adabu mno, mume wangu angesema inaomba ruhusa. Pia ni za ohm 300, zinahitaji amplifaya. Ohm ni ukinzani wa umeme, na ukiwa mkubwa, simu yako mara nyingi haina nguvu ya kuzisukuma vizuri.

Nikajaribu pia Sony WH-1000XM4 za mwaka 2020, zisizo na waya, zinazozima kelele za nje. Besi ipo ya kutosha, na zina kitufe cha kupitisha sauti ya nje. Kwa mtu wa daladala na ndege ningezichukua. Lakini namjua ninayelala naye. Kitufe atakiwasha wiki ya kwanza, ya pili atasahau.

Jioni nilivuka tena Khor. Nikachukua za matundu, za ohm 80, zisizohitaji amplifaya kubwa, na kiunganishi kidogo cha simu isiyo na tundu la hedifoni. Elfu yangu haikuisha. Mzee akaniandikia risiti na kuniambia maneno machache tu: "Mwambie aanze na sauti ndogo."

Ukienda wewe

• Beba nyimbo tatu unazozijua, moja iwe na ala za asili. Besi uisikie noti, isiwe ngurumo.
• Jaribu kwa sauti ndogo. Nzuri hupendeza hata hapo, mbovu hukulazimisha uongeze.
• Vaa na misuko, ushungi au miwani yako ya kila siku, maana upenyo mdogo unaua besi.
• Za kuziba zina besi zaidi na hazivujishi sauti. Za wazi zinakuacha ndani ya nyumba yako.
• Uliza ohm, na uliza kama mito ikichakaa inapatikana.
• Dai risiti. Dubai ina kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 tangu 2018, na mtalii aliyenunua kwa dirham 250 au zaidi kwenye duka lililosajiliwa anaweza kuomba arudishiwe sehemu yake uwanja wa ndege. Nenda na pasipoti dukani.

Nyumbani

Nilimpa usiku wa kwanza, mtoto keshalala. Aligeuza geuza boksi, akanitazama, akasema, "Mama, si tulishaachana na haya mambo?" Nikamwambia avae tu.

Nilimweka kwenye wimbo wa dansi. Alisikiliza nusu yake, akavua. "Nzuri," akasema, "ila kifua hakijatikisika." Moyo ulinishuka mpaka miguuni. Siku mbili za kutembea! Sikumjibu. Akavaa tena, labda kwa kunionea huruma. Wimbo wa pili ulipofika katikati nikaona kidole chake cha kushoto kinatembea kwenye mkono wa kochi, kinabonyeza nyuzi zisizokuwepo.

"Huyu bwana," akasema polepole, "nasikia kidole chake kinavyotoka kwenye uzi. Miaka ishirini nausikiliza wimbo huu, sijawahi kukisikia." Na sauti ilikuwa ndogo, kwa sababu mimi niliyekaa kando yake nilikuwa nasikia kimluzi tu cha gitaa.

Nilirudi kwenye kazi zangu mezani. Kama saa nne usiku hivi, kutoka chumbani, sauti nyembamba: "Baba... maji."

Nilinyanyua kichwa nikitaka kwenda. Hedifoni zilikuwa tayari juu ya kochi, waya unaning'inia, na yeye yuko mlangoni na kikombe.

Mpaka mwezi ujao, tunza masikio yako, na ya mwenzio pia.