Safari za Maringo

Maringo, kasuku wetu wa kijivu, aliingia nyumbani Mombasa ndani ya tenga la nyanya. Baba alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, na katika miaka ya 1980 njia yake ilimfikisha hadi mashariki ya Zaire. Juu ya tenga palifungwa gunia kwa kamba ya katani. Ndani mlikuwa na majani makavu ya mgomba, maganda ya karanga, na ndege mwenye ukubwa wa njiwa mnene amejibana pembeni, macho yake bado ya giza. Kasuku wa aina hii huzaliwa na macho ya giza, akikua yanageuka manjano hafifu. Ina maana alitolewa kiotani akiwa mdogo sana.

Hakuna aliyeona ajabu. Tenga lilibeba nyanya, lilibeba kuku, basi likabeba na kasuku. Ni jepesi, linapitisha hewa, linakaa vizuri juu ya mzigo mwingine. Yote hayo ni mahitaji ya dereva.

Mama ndiye aliyemtoa humo. Alimwendea fundi akatengenezewa tundu la waya, la mviringo, lenye kitanzi juu, likatundikwa barazani. Kwa kukaa, Maringo alilizoea. Kwa safari lilikuwa mateso. Tukivuka Likoni kwenda kwa shangazi, tundu lilibebwa vivyo hivyo mkononi, likiyumba kila hatua, na kwenye feri watu walimzunguka wakimpigia miluzi ili awajibu. Hakujibu. Aling'ang'ania waya kwa mdomo na kucha, akihema, mbawa amezitenga na mwili. Ndege hatoki jasho. Ukimwona hivyo, ujue joto na hofu vimemzidi. Siku moja mama alisema, "Maskini, anaona kila kitu na hana pa kujificha." Akavua mtandio wake akalifunika tundu pande tatu, upande wa nne akaugeuzia kwake. Kabla hatujafika ng'ambo Maringo alikuwa ameshuka kwenye waya, ametulia. Nimeshauriwa na wengi tangu hapo kuhusu kusafiri na ndege, na sijapata ushauri uliopita ule.

Kutoka hapo tukajaribu maboksi ya karatasi ngumu. Giza lilimtuliza, lakini mdomo unaopasua kokwa za mchikichi hauzuiliwi na boksi. Hatujafika stendi, kichwa kiko nje. Jirani mmoja alipendekeza tumviringishe kwenye kanga, mama akakataa katakata, na alikuwa na haki. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama chetu. Hupumua kwa kidari kupanda na kushuka, na ukimbana kidari hata kwa kitambaa laini, unamziba pumzi.

Kisha likaja sanduku la plastiki la kubebea paka. Wengi wanaishia hapo, na siwalaumu, kwani linauzwa madukani na linasafishika upesi. Ila limetengenezewa mnyama anayelala sakafuni. Kasuku ana vidole viwili mbele na viwili nyuma; mguu huo umeumbwa kwa kushika tawi. Mweke juu ya plastiki tupu ndani ya gari na atateleza kila kona. Ndipo daktari wa mifugo alipotuambia tutoboe pande mbili tupitishe kijiti, tena kiwe chini, ili kichwa kisigonge juu na mkia usisuguane na sakafu. Yeye pia ndiye aliyetukataza waya uliopakwa zinki, kwa kuwa kasuku hutafuna kila kitu, na zinki ni sumu kwake.

Sanduku tulilo nalo sasa limetoka kwa seremala. Humo Maringo ana nafasi ya kusimama wima na kujigeuza, lakini si kubwa kiasi cha yeye kurushwa huku na huku dereva akikanyaga breki. Kijiti ni tawi la mpera lenye maganda yake, nene kiasi kwamba vidole vyake havikutani upande wa chini. Chini tunatandika gazeti, ili tuone kama choo chake ni cha kawaida. Hatuweki bakuli la maji njiani. Tunampa tango au chungwa. Komeo lina kufuli, maana makomeo ya kawaida anayafungua mwenyewe. Na kabla hajasafirishwa humo hata mara moja, sanduku lilikaa sebuleni mlango wazi, karanga ndani, hadi akawa anaingia kwa hiari yake kusinzia mchana.

Kingine kilichobadilika ni karatasi za vibali. Tangu 1975 kasuku wa kijivu zaidi ya milioni moja waliingizwa katika biashara ya kimataifa, bila kuhesabu waliokufa ndani ya matenga. Mwaka 2016, mkutano wa CITES (mkataba wa kudhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini) uliofanyika Johannesburg uliwahamishia kwenye Kiambatisho cha Kwanza, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya waliotegwa porini imepigwa marufuku. Hapa Kenya, kumfuga bila kibali ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013. Kibali cha Maringo hukaa kwenye bahasha iliyobandikwa juu ya sanduku, na kwangu mimi bahasha hiyo ni sehemu ya sanduku sawa na kijiti.

Kwa hiyo wewe mwenye kasuku, usianze na bei wala rangi ya sanduku. Mpime kwanza ndege wako kutoka utosini hadi ncha ya mkia akiwa ametulia juu ya kijiti, ndipo uende dukani au kwa seremala. Na ukiuziwa kasuku wa kijivu barabarani, bila karatasi, usimnunue hata akikutia huruma vipi. Piga simu kwa maofisa wa wanyamapori. Pesa utakayolipa ndiyo itakayomrudisha muuzaji msituni kuchukua kinda mwingine.