Lord Charles Somerset na Amri ya Lugha

Muhula uliopita mzazi mmoja alinijia shuleni, hapa kwetu Uganda, akaniuliza: “Mwalimu, Kiswahili si lugha ya askari?” Swali lake lilinirudia nilipokuwa nikisoma maisha ya Lord Charles Somerset.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1767, mwana wa pili wa Duke wa tano wa Beaufort. Ujenerali aliupata pasipo kuona vita vingi. Jina la ukoo lilimtangulia kila mlangoni. Mwaka 1814 alifika Rasi ya Tumaini Jema kuwa gavana, kwa mshahara wa pauni 10,000 kwa mwaka. Alipenda mno farasi wa mbio. Baada ya vita vya 1818–1819 Waxhosa walipokonywa nchi iliyo kati ya mito ya Fish na Keiskamma, na nabii wao Makhanda alifungwa kisiwani Robben. Alikufa maji mwaka 1820 akijaribu kutoroka.

Linalotugusa sisi walimu ni tangazo lake la tarehe 5 Julai 1822. Aliamuru Kiingereza kishike mahali pa Kiholanzi maofisini, kisha mahakamani, kwa miaka michache tu. Akaagiza walimu kutoka Uskoti. Nawahurumia walimu wale, walioingia darasani na amri ya gavana mgongoni!

Mskoti mwingine, mshairi Thomas Pringle, alikuwa na shule mjini Cape Town pamoja na rafikiye John Fairbairn. Walitoa pia jarida. Mwaka 1824, walipoonywa juu ya makala yao, waliona heri kuacha kuchapa kuliko kukaguliwa. Gavana alimwita Pringle, akamkaripia. Wazazi wakaogopa, na shule ikadhoofika. Wote wawili, gavana na mwalimu, waliondoka mwaka 1826.

Je, amri ile ilizaa nini? Lugha ya majumbani haikufa. Mwaka 1925 Kiafrikana kilipewa hadhi rasmi, na mwaka 1976 watoto wa Soweto waliuawa kwa kukataa kufundishwa kwa lugha hiyo hiyo iliyowahi kudharauliwa.

Nami nakiri: mwaka 1973 Jenerali Amin alipotangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, nilikuwa mwanafunzi, na nilishangilia.

Sikumjibu mzazi yule. Nilimwambia, “Karibu, mzee, uketi,” nikampa kiti nyuma ya darasa, nasi tukaendelea kutegeana vitendawili. Cha tatu alikitegua yeye.