Anga la Bariadi na balaa la neno "sawa"

Wiki hii, mpenzi msomaji, tunatua Usukumani, mjini Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu. Mkoa wenyewe bado mchanga, ulimegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Wenye kumbukumbu ndefu wanaijua Bariadi kwa pamba, na kwa John Cheyo wa UDP, yule "Bwana Mapesa" aliyegombea urais mwaka 1995.

Kufika si kazi. Ukishuka kwenye ndege Mwanza, unadandia basi la barabara ya Musoma, unapita Magu, na ukifika Lamadi unaliacha ziwa mgongoni na kukata kulia. Kilometa kama 70 za lami, Bariadi hiyo!

Mashariki ya mkoa ni nchi ya wanyama. Kuna Pori la Akiba la Maswa, na ukivuka hapo uko Serengeti. Upande huo vindege vidogo si kitu cha ajabu. Vinapita na watalii wao, wewe huku chini unapunga mkono.

Sasa umewahi kujiuliza kule juu wanasemezana nini?

Mwanza kuna mnara wa kuongozea ndege. Lakini viwanja vingi vya porini havina mnara wala mwongozaji. Rubani anashika redio na kutangaza mwenyewe: niko wapi, futi ngapi, nataka kutua. Mwenzake aliye karibu akisikia, anajibu. Ni kama redio koli ya kituo cha afya kijijini. Masafa ni mamoja, kila mtu anasubiri zamu yake.

Na pori si la mchezo. Januari 29, 2016, rubani Mwingereza Roger Gower alikuwa na helikopta akifuatilia majangili wa tembo katika Pori la Maswa. Wakamtandika risasi kutoka chini. Alijitahidi akaituliza helikopta, lakini alikufa kabla hajaokolewa. Hiyo haikuwa shauri ya redio, ni ukatili mtupu. Ila inakuonyesha kwamba kule mbali jirani wa rubani ni sauti tu. Sauti hiyo ikieleweka vibaya, kimbembe!

Hebu tupige hesabu kidogo. Ziwa Victoria lenyewe liko meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, yaani kama futi 3,720. Mto Simiyu unateremka kutoka huku kwenda ziwani, kwa hiyo Bariadi iko juu zaidi. Mwambie rubani "futi 3,500" akiwa Dar es Salaam, atakuwa hewani anapunga upepo. Mwambie hivyo hivyo akiwa juu ya Bariadi, umemwambia aingie ardhini!

Usidhani natania. Jambo la namna hiyo lilitokea kwa jirani zetu Nairobi, Septemba 3, 1974. Jumbo la British Airways lilikuwa linakuja kutua. Mwongoza ndege akawaambia washuke mpaka futi 7,500, akizitaja tarakimu moja moja: saba, tano, sifuri, sifuri. Marubani wakaelewa tano, sifuri, sifuri, sifuri. Futi 5,000! Wakaiweka namba hiyo kwenye mtambo unaoiendesha ndege wenyewe.

Uwanja wa Nairobi uko futi 5,327. Kwa maneno mengine, jumbo zima lilikuwa linaelekezwa chini ya udongo, tena ndani ya mawingu. Lilipochomoza kwenye mawingu, ardhi hiyo hapo! Nahodha akalinyanyua. Ripoti ilisema lilibakiza futi 70 tu, kama meta 21, na uwanja ulikuwa bado mbali. Wakapona. Usiichanganye na ile ya Lufthansa ya Novemba 20 mwaka huo huo, iliyoanguka Nairobi na kuua watu 59. Ile ilikuwa na mambo yake mengine.

Wa Tenerife, visiwa vya Hispania, hawakuwa na bahati hiyo. Machi 27, 1977, ukungu mzito, majumbo mawili, la KLM na la Pan Am, yako kwenye njia moja ya kurukia. KLM wakasema maneno yenye maana mbili, ambayo mwongozaji aliyachukua kuwa wako tayari wanasubiri. Kumbe wanaondoka! Akajibu "OK", yaani sawa, kisha akaongeza wasubiri. Sekunde hiyo hiyo Pan Am nao wakasema bado tuko njiani. Sauti mbili kwa wakati mmoja, kwa KLM ikasikika miluzi tu. Wakafa watu 583.

Tangu hapo neno la Kiingereza la kuruka likawekewa mipaka: linatajwa pale ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa, basi. Maagizo muhimu lazima yarudiwe, na aliyeyatoa lazima asikilize yakirudiwa. Hata tisa kwa Kiingereza cha angani hutamkwa "naina", isije ikadhaniwa tano. Na tangu Machi 2008, marubani na waongozaji wa safari za kimataifa wanatakiwa kufikia angalau daraja la 4 kati ya 6 katika Kiingereza. Mfaransa, Mwarabu, Msukuma, kila mtu ana lafudhi yake, lakini waelewane.

Hapo ndipo Bariadi wanaponifurahisha. Asubuhi mzee anakwambia "Mwangaluka", nawe unarudisha "Mwangaluka". Anauliza "Mhola?", unajibu "Mhola". Mgeni mwenye haraka ataona wanapoteza muda. Kumbe kila mmoja anamhakikishia mwenzake kwamba neno limefika.

Sisi wa mjini tumezoea "sawa, sawa" hata kwa jambo ambalo hatukulisikia. Sokoni utapoteza shilingi mia mbili. Kwa daktari anayekutajia vidonge vingapi kwa siku, au kwa dereva anayekutajia kituo cha kushukia usiku, hasara ni kubwa zaidi. Rudia ulichosikia. Naye asipokuitikia, muulize tena.

Ukienda Bariadi, wasalimie. Tukutane wiki ijayo.