Ndege Ndogo Inapotua Juu ya Theluji

Sisi tuliozaliwa penye jua huitazama theluji kwa mbali, juu ya Kibo, nayo hutupendeza macho. Nyumbani kwetu haikuwa na maana nyingine mpaka mdogo wangu, ambaye ni muuguzi, alipopata kazi kaskazini mwa Kanada. Huko vijiji vingi havifikiki kwa barabara mwaka mzima; barua, unga, mgonjwa na muuguzi mwenyewe husafirishwa kwa ndege ndogo. Tangu hapo mama yetu hulala na simu chini ya mto, nami nimekuwa msomaji wa taarifa za ajali ambazo zamani nisingezitupia jicho.

Taabu kubwa, kumbe, si kushuka bali kusimama. Kila aliyepanda basi wakati wa masika anaijua hali hiyo: dereva amekanyaga breki, magurudumu yamekaza, lakini gari linakwenda litakako. Theluji iliyoshindiliwa hufanya vivyo hivyo, na barafu huzidi. Kanada hulipima jambo hili. Gari lenye kipimo maalumu hupita kwenye njia ya kutulia, hufunga breki, na jibu hutolewa kwa namba kati ya 0 na 1. Kadiri namba inavyokaribia 0 ndivyo utelezi unavyozidi. Upepo wa ubavuni, ambao kwenye lami kavu rubani angeumudu, hapo huweza kuisukuma ndege nyepesi hadi nje ya njia. Na huko nje kuna matuta ya theluji yaliyoachwa na magari ya kusafishia. Gurudumu moja likizama katika theluji laini, ndege huvutwa upande huo, bawa likagonga tuta.

Macho nayo hudanganyika. Mbingu ikiwa nyeupe na ardhi nyeupe, rubani aweza asijue kama amebakiza mita 20 au 2.

Katika milima ya Alpi, nchini Ufaransa, kipo kiwanja cha Courchevel, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Njia yake ina urefu wa mita 537 tu, nayo imelala juu ya mteremko mkali, hata ndege hutua ikipanda mlima na kuruka ikiteremka. Akishakaribia mno, rubani hawezi tena kughairi na kupaa, maana mbele yake ni mlima. Tarehe 8 Februari, 2019, ndege ndogo aina ya Piper ilitua hapo, ikashindwa kusimama, ikajikita katika tuta la theluji. Hakuna aliyekufa.

Mabingwa wa ajali huchunguza breki na upepo. Mimi huwafikiria pia waliokaa nyuma ya rubani. Katika ndege ndogo abiria yu karibu kiasi cha kumgusa bega, na manung'uniko yake husikika yote. Mdogo wangu alinisimulia siku moja rubani wao alivyozunguka kijiji mara mbili, akaitazama njia iliyofunikwa, kisha akageuza ndege. Mfanyabiashara mmoja alilalamika njia nzima. Mdogo wangu alinyamaza, ijapokuwa yeye ndiye aliyekuwa na sababu ya kulalamika: kijijini palikuwa na mama mja mzito aliyekuwa akimngoja.

Mimi naona rubani yule alitenda haki, ila ni rahisi kusema hivyo nikiwa hapa Dar es Salaam, mbali na mama yule. Usiku huo mdogo wangu alilala juu ya benchi kiwanjani. Asubuhi theluji ilisukumwa, wakatua salama. Mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa, mikononi mwa bibi kizee wa kijiji, na alikuwa akinyonya.