Nguo za Sanamu Ndogo na Ukweli wa Kale

Huko Tabaka, katika nchi ya Wakisii, mafundi huchimba mawe laini wakayachonga kuwa sahani, wanyama na sanamu ndogo za watu. Jiwe likiisha kuchongwa husuguliwa kwa msasa na maji, ndipo hupakwa rangi. Rangi ikikauka, fundi hutwaa ncha kali ya chuma akaikwaruza kidogo kidogo, na weupe wa jiwe hutokeza katika mistari na nukta. Kwa njia hiyo nguo ya sanamu hupata mapambo yake. Mtu wa Osiri, au wa mahali popote katika Migori na Homa Bay, apendaye kazi za mikono, hana haja ya kwenda mbali kutafuta mwalimu.

Lakini liko jambo moja ambalo fundi hana budi kulifikiri kabla hajagusa rangi. Sanamu ya mtu wa kale si pambo la mezani tu. Mtoto aitazamaye huamini ya kwamba hivyo ndivyo walivyovaa babu zake. Karani akiandika tarehe isiyo kweli katika daftari, kosa lake huweza kusahihishwa kwa kalamu. Bali nguo isiyo kweli ikichorwa juu ya jiwe, sanamu huuzwa, ikachukuliwa nchi za mbali, wala hapana mtu aifuataye ili kuirekebisha.

Mfano ulio karibu ni Thimlich Ohinga, boma lile la mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa, ambalo mwaka 2018 liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Wataalamu husema yamkini lilijengwa katika karne ya 16. Fundi akitaka kuwachonga wakazi wake wa kwanza, kisha akawavika leso zenye maua mekundu, atakuwa amewavika nguo ambayo haikuwako duniani. Watu wa zamani wa pande hizo walivaa ngozi, na mwanamke wa Kijaluo aliyeolewa alifunga chieno, yaani mkia wa nyuzi uliosokotwa. Mzee wa heshima aliweza kuvaa kilemba cha manyoya ya mbuni au cha meno ya kiboko. Hapo hapatakiwi maua, bali rangi ya ngozi, kivuli cha mikunjo, na mistari myembamba ya nyuzi.

Leso, au kanga, ilizaliwa pwani katika nusu ya pili ya karne ya 19. Husimuliwa kwamba wanawake wa huko walinunua vitambaa vya mkono ambavyo havijakatwa, wakashona sita pamoja, vitatu juu na vitatu chini, hata wenye maduka wakatambua faida na kuagiza nguo nzima iliyokwisha kupigwa chapa. Mjini Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, ambaye watu walimwita Abdulla, lilianza mwaka 1887 na likapata sifa kubwa kwa biashara hiyo. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na tangu hapo bidhaa za pwani zilipata njia nyepesi ya kufika kandokando ya ziwa. Basi tarehe hizi ni kama mpaka wa shamba: upande huu leso yafaa, upande ule haifai.

Aliyekwisha kuujua mpaka huo na aingie kazini. Leso huwa na urefu wa sentimeta 150 na upana wa sentimeta 110 hivi. Mtu wa sentimeta 170 akichongwa kwa kipimo cha moja kwa ishirini, atakuwa na sentimeta 8 na nusu, na leso yake itakuwa sentimeta 7 na nusu kwa 5 na nusu. Pindo la sentimeta 12 litakuwa milimeta 6 tu, na herufi za jina lake, zikiwa na kimo cha sentimeta 2, zitakuwa milimeta moja. Hakuna mkono uwezao kuziandika zikasomeka. Inatosha kutia vijistari vifupi, na jicho lenyewe litamaliza neno.

Rangi ya chini hupakwa kwanza ikaachwa kukauka. Kisha huchorwa pindo, maana ndilo lioneshalo nguo ilivyozunguka mwili. Halafu mapambo ya mji, yaani ya katikati. Nguo ikikunjika, ua nalo hukatika: nusu huonekana na nusu huzama katika mkunjo. Fundi mgeni huchora ua zima juu ya kila mkunjo, na leso yake huonekana kama karatasi iliyogandishwa kwenye jiwe.

Wako wasemao kwamba mnunuzi hupenda rangi kali, na kwamba ukweli haujazi chungu. Neno hilo halidharauliki, kwa kuwa fundi ana watoto wa kulisha. Lakini rangi kali ina mahali pake pa haki. Katika machimbo ya dhahabu ya Osiri wako wanawake wapondao mawe kwa nyundo na kuyaosha kwa maji. Mmoja wao akichongwa amejifunga leso kiunoni, sanamu yake itakuwa na rangi ya kumpendeza mnunuzi, tena itakuwa kweli tupu.

Kwa hiyo yafaa kila fundi aulize wazee wangali hai, kisha achore mwaka chini ya kitako cha sanamu. Tarakimu nne hazigharimu kitu, nazo zitamlazimisha kujua anamvika nani na nguo gani.